Mgonjwa Chini ya Kitambaa

Kununua nyanya kunanichukua muda ambao watu wengine huchukua kununua ploti. Nachagua, narudisha, nabonyeza, naomba msamaha, nachagua tena. Mama mboga wa hapa kwetu Kitengela alishanizoea. Akiniona nikija ananisogezea kigoda na kuendelea kuhudumia wengine. Si kwamba najua nyanya nzuri ni ipi. Naogopa tu kufika nyumbani, nikate moja, nikute mdudu, halafu nijue kwamba pale kwenye meza yake palikuwa na nyingine isiyo na mdudu na mimi sikuichukua.

Mtu wa namna hii hafai kucheza briji. Najua. Briji ni mchezo wa karata ambamo ukikosea, unakosea mbele ya watu watatu, na watu hao watatu watalijadili kosa lako mpaka chai iishe.

Nilijifunza mwenyewe, kwenye simu, nikiwa nimelala kitandani katika bedsita yangu ya chumba kimoja. Kazi yangu ni kuchapa maneno ya watu wanaozungumza katika mikutano ya mtandaoni, na kazi ilipokauka nilicheza. Simu ni mpinzani mwema. Haikohoi, haitazami saa, haikuulizi kama umesinzia. Ningeweza kukaa na karata moja tangu mchana mpaka boza, lori la kuuza maji, lipite, na simu ikaningoja kimya. Kwa hiyo nilikuwa hodari sana, kwa maoni yangu mwenyewe, kabla sijawahi kuketi na binadamu.

Kwa asiyeujua, mchezo ni hivi. Watu wanne, wawili dhidi ya wawili, na wenzi huketi wakitazamana. Kila mmoja ana karata kumi na tatu. Katika kila raundi kila mtu anatoa moja, akifuata aina iliyotangulia kama anayo, na iliyo kubwa inachukua raundi. Kabla ya kuanza, upande mmoja unaahidi kwamba utachukua raundi kadhaa. Ahadi hiyo ndiyo mkataba. Halafu linatokea jambo ambalo halipo katika poka yetu ya mtaani, ile ya kushindana kumaliza karata: mwenzi wa yule anayecheza mkataba analaza karata zake zote mezani, wazi, na kazi yake inaishia hapo. Mwenzake ndiye atakayecheza zote, zake na hizo zilizolala. Mezani kwetu karata zilizolala huitwa mgonjwa, kwa sababu ziko chali, kila mtu anaziangalia na kutikisa kichwa, na haziwezi kujitetea.

Nikisema mezani kwetu, ni mezani kwa mwenye nyumba wangu. Ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mama wa kutoka magharibi, aliyejifunza briji zamani kwa walimu wenzake wa shule ya bweni. Ploti nzima inamwita Mwalimu. Hata mumewe, mhasibu mstaafu, humwita Mwalimu, ila sisi yeye tunamwita Mzee. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana walicheza na mtu wa tatu aliyekuja na pikapu yake kutoka Kajiado: daktari wa mifugo, Mmaasai mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde. Wa nne alikuwa jirani. Jirani akahamia Nkoroi, akasema hawezi kuvuka nusu ya kaunti kwa ajili ya karata.

Siku hiyo nilikuwa nimeenda kuuliza habari ya maji. Nikakuta watu watatu wamekaa na kiti kitupu, wamenuna kama waliofiwa. Nikasema, bila kufikiri, jambo ambalo hutokea mara chache, "Mimi najua kucheza."

Daktari akanipima kwa macho kama anayenunua ndama. "Wewe?"

"Nimejifunza kwa simu."

"Haya, keti. Ata simu ni mwalimu."

Jumamosi ya kwanza nilitangaza "Niko kadi!" nilipobaki na karata moja, kama tunavyofanya sote kwenye poka, na Mwalimu akalazimika kunieleza kwamba katika briji kila mtu hubaki na moja kwa wakati uleule. Jumamosi zilizofuata nilinyamaza. Hapo ndipo shida ilipoanza. Nilinyamaza mno. Nilishika karata nikaitazama, nikairudisha, nikashika nyingine, huku nikiona kwa macho ya moyo kila namna ambavyo karata hamsini na mbili zinaweza kuniaibisha.

"Msichana," Daktari alikuwa akisema, "niliacha ng'ombe moja na mimba kule nyumbani. Sasa nafikiri huyo ndama ameshaoa."

Mwanzoni walicheka. Baadaye Mzee peke yake ndiye aliyecheka. Halafu Jumamosi moja, kabla hata hatujagawa, Daktari alivua kofia na kuiweka gotini. Nikajua ni jambo zito.

"Mwalimu, mimi niko na shemeji hapo Kajiado. Anacheza haraka. Mkataba moja, mbili, tatu, kwisha. Leo tuone huyu mtoto. Kama mkataba wake wa kwanza utaanguka, ama chai ipoe akiwa bado anaangalia karata kama picha ya harusi, Jumamosi ijayo nakuja na shemeji."

Nilimtazama Mwalimu anitetee. Akakung'uta makombo ya mandazi yasiyokuwepo. "Tuone," akasema.

Naomba nieleweke. Hakukuwa na kombe wala zawadi. Lakini mimi siku zangu zote husikia sauti za watu wasiojua kama nipo. Wanazungumza, nachapa, wanaagana wao kwa wao. Jumamosi ndiyo siku pekee watu walikuwa wakinitukana ana kwa ana, kwa jina la msichana, na kuniongezea chai. Kiti kile kingeenda kwa shemeji, mimi ningerudi kwa simu, ambayo haikohoi.

Tukagawa. Mwalimu akiwa mwenzi wangu, tukaahidi raundi tisa bila turufu, yaani bila aina inayozila nyingine, na mimi ndiye niliyetakiwa kuzichukua. Daktari, aliyekuwa kushoto kwangu, akapiga mfalme wa shupaza, zile nyeusi zenye ncha, mezani kama anayepiga muhuri. Mwalimu akalaza mgonjwa. Nikaangalia. Nikaangalia tena.

Nilikuwa bado naangalia karata, geti lilipogongwa, na sauti ikasema, "Hodi! Bwana asifiwe!"

Ni lazima nieleze kwamba Mwalimu ni mwenyekiti wa kina mama kanisani, na kwa watu wa kanisa lake karata ni kamari tu, hata mkichezea maharagwe. Hakuwahi kumdanganya mtu. Hakuwahi tu kuulizwa. Aliyegonga alikuwa Mchungaji, kijana mnene mwenye furaha, aliyekuja kurudisha viti vya plastiki vya Mwalimu vilivyoazimwa kwa harusi.

Sijawahi kuona wazee wakienda kasi vile. Mzee alivuta kitambaa kikubwa cha kufuma kutoka mgongoni mwa kochi, akamfunika mgonjwa pamoja na mfalme wa shupaza. Kisha akazikalia karata zake. Daktari aliweka zake ndani ya kofia, na kofia kichwani. Mimi nikaziingiza zangu kwenye mkono wa sweta. Mwalimu, ambaye hakuwa na karata mkononi, ndiye pekee aliyeweza kumpokea mgeni kwa mikono miwili.

"Karibu Mchungaji. Tulikuwa tu tumekaa."

"Ni vizuri kukaa pamoja," Mchungaji akasema. "Kabla sijaketi, tuombe."

Wachungaji wengine huomba kwa ufupi wakiwa nyumbani kwa watu. Huyu alikuwa mpya na alikuwa na bidii. Tukasimama, Mzee akiwa amesimama nusu tu kwa sababu alizozijua yeye, tukafumba macho.

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu niketi kwenye meza ile, sikuwa na karata ya kutazama.

Sikusudii kumkosea Mungu. Nilianza kuomba kama wengine. Lakini alipofika kwa viongozi wa kaunti, mgonjwa alinijia akilini, amelala chini ya kitambaa, safu nne, zimenyooka kuliko nilivyoziona kwa macho. Nikazihesabu raundi za hakika, zangu na za mgonjwa. Sita. Nilihitaji tisa. Tatu zilizobaki zilikuwa kwenye uru, zile karata nyekundu zenye pembe nne: mgonjwa alikuwa nazo tano, nzuri, ila mfalme wake alikuwa kwa adui. Mfalme huyo akiwa kwa Daktari, ningempita bila kupoteza raundi. Akiwa kwa Mzee, Mzee angechukua raundi moja, na baada ya hapo uru zilizobaki zingekuwa zangu zote. Raundi moja si kitu.

Kitu ni kwamba Mzee, akishachukua, angerudisha shupaza. Na Daktari alikuwa na rundo la shupaza. Angezila moja baada ya nyingine, na mkataba ungekwisha, na shemeji angekuja.

Mimi nilikuwa na A ya shupaza. A moja tu. Mtu yeyote mwenye akili timamu, akipigwa mfalme, anaweka A na kumnyamazisha. Nilikuwa tayari kufanya hivyo. Mkono ulikuwa unawasha. Mimi kupoteza kitu ninachoweza kushinda, hapo mbele ya watu, naona kama kutoka nje bila viatu.

Mchungaji alikuwa amefika kwa wajane na mayatima. Nikajiuliza: Mzee ana shupaza ngapi? Zote ni kumi na tatu. Mimi nina tatu, mgonjwa mbili. Zimebaki nane. Kama Daktari ana tano, Mzee ana tatu tu. Basi nisipoweka A sasa, na nisipoiweka raundi ya pili, nikaingoja ya tatu, Mzee atakuwa amemaliza zake. Achukue kwa mfalme wake wa uru akipenda. Hatakuwa na shupaza ya kumrudishia mwenzake!

"Amina!" nikasema, kwa sauti.

Mchungaji alisita. Kisha sauti yake ikapanda, ikapata nguvu mpya, akarudi kwa wajane, akapita kwa vijana, akawaombea vijana wanaoguswa. Daktari alikohoa chini ya kofia yake. Nilihisi jasho likishuka hadi kwenye malkia wa uru.

Maombi yalipokwisha, Mwalimu akaenda kuleta kikombe cha mgeni. Aliacha mlango wa jikoni wazi, na upepo wa Kitengela hauna adabu. Uliingia kwa mlango mmoja ukatoka kwa mwingine, na kitambaa ukaenda nacho mpaka kwenye televisheni. Mgonjwa akabaki peupe.

Mchungaji akaangalia meza. Akatuangalia sisi. Kofia ya Daktari ilikuwa na karata ikichungulia juu ya sikio.

"Mama," akasema Mchungaji, "hizi ni nini?"

"Ni karata, Mchungaji," Mwalimu akajibu akiwa mlangoni na kikombe. Sasa alikuwa ameulizwa.

"Za kamari?"

"Za kufikiri."

"Kweli kabisa," Daktari akasema. "Hasa huyu msichana. Akianza kufikiri, ata mvua inakuja inarudi."

Mchungaji aliinama juu ya mgonjwa. Nilisubiri maombi mengine. Badala yake alinyoosha kidole. "Mbona zimelala hivi? Hii poka gani? Mimi chuoni, kabla ya wito, hakuna aliyenishinda hosteli nzima." Akavuta kimoja cha vile viti vya plastiki alivyovirudisha na kukiweka nyuma yangu, karibu kiasi cha kunipumulia shingoni. "Endeleeni. Nataka kuona."

Mzee alijiinua akatoa karata zake, zimepinda kama mabati ya zamani. Daktari akavua kofia. Chai ikamiminwa, ya moto, na Daktari akakisogeza kikombe changu mbele yangu ili nikione.

Nikavuta pumzi. Nikacheza shupaza ndogo ya mgonjwa, kisha, chini ya mfalme wa Daktari, nikaweka nane... hapana, nikairudisha, nikaweka tatu.

"Ai!" Mchungaji akaruka. "Na si uko na A hapo? Iweke!"

Mzee akakirudisha kikombe chake mezani bila kunywa.

"Mchungaji!" Mwalimu akasema, kwa ile sauti ya kidato cha pili iliyoacha kuzungumza darasani miaka mingi iliyopita lakini haijasahau. "Hapa anayetazama hasemi."

Mchungaji akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Daktari alicheka mpaka akashika meza. "Asante, Mchungaji, umebarikiwa! Sasa nimejua A iko wapi. Na anaificha. Msichana, unamwekea nani? Shemeji?"

Akapiga malkia wa shupaza. Naungama kwamba nilitetereka. Nyuma yangu mtumishi wa Mungu alikuwa akinung'unika kama mgonjwa wa jino. Mbele yangu Mwalimu, ambaye haruhusiwi kusema neno, alikuwa akisoma dari. Kama nilikuwa nimekosea, nilikuwa nakosea mbele ya kila mtu ninayemjua mjini. Nikaweka nane.

"Yesu," Mchungaji akanong'ona, na sidhani alikuwa anaapa.

"Mbili," Daktari akahesabu. Akapiga J ya shupaza. Mzee akatupa kumi, bila furaha. Mimi nikaweka A.

Mchungaji akapiga makofi mara moja, akakumbuka, akakalia mikono yake.

Sasa malkia wa uru. Nilimweka mezani bila kumrudisha, kwa sababu nilijua nikimrudisha sitaweza kumtoa tena. Daktari akaweka mbili. Mgonjwa akatoa ndogo. Mzee akainua nyusi, akachomoa mfalme wake wa uru, akachukua raundi.

"Haya!" Daktari akasema, akisugua mikono. "Mzee, leta! Lete ile kitu yangu!"

Mzee aliziangalia karata zake. Akazisogeza karibu na miwani, akazipeleka mbali. Alizigeuza moja moja kama mtu anayetafuta funguo mfukoni mwa suruali ya jana.

"Leta shupaza, Mzee!"

"Sina."

"Unasema huna aje?"

"Ziliisha. Ile kumi ndiyo ilikuwa ya mwisho. Wewe ndiye uliniomba zote."

Daktari akanitazama, na mara hii hakuwa ananunua ndama. Mzee akarudisha kopa, kwa kukosa la kufanya. Nikaichukua kwa mfalme wangu, nikavuka kwenda kwa mgonjwa, na uru zake zikatoka nne mfululizo, nzuri, kama watoto wa shule kwenye gwaride. Kisha A ya kopa, kisha A na mfalme wa maua. Tisa. Raundi ya mwisho akachukua Daktari kwa shupaza yake, na wala hakuitazama.

Nikagusa kikombe. Kilikuwa bado na joto. Si la kuunguza, lakini joto.

"Uliona saa ngapi?" Daktari aliniuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kuongea na ng'ombe walio karibu. "Kwamba Mzee hatakuwa na shupaza?"

Nilikuwa na furaha kupita kiasi. Hiyo ndiyo taabu yangu: nikifikiri nachelewa, nisipofikiri nasema ukweli.

"Wakati wa maombi," nikasema.

Mchungaji akatoa mikono chini ya mapaja. "Maombi gani?"

Hakukuwa na mengine. "Yako, Mchungaji. Samahani. Lakini niliitikia amina."

"Uliitikia mapema," Mzee akasema. "Sisi tulikuwa bado kwa mayatima."

"Nilidhani umeguswa," Mchungaji akasema polepole. "Nikaongeza sehemu nzima kwa ajili yako. Ile ya vijana haikuwa kwenye mpango."

"Basi ilimsaidia," Mwalimu akasema, akimmiminia chai. "Bila hiyo sehemu sidhani angefika mpaka kwa uru."

Mchungaji alijaribu kuwa mkali. Niliona akijaribu. Uso ulikaza, ukalegea, na mwishowe akacheka mpaka kiti cha plastiki kikalia. Kisha akataka aelezwe tena, kutoka mwanzo, kwa nini mtu mwenye A anakubali kupigwa mara mbili, na Mwalimu akamweleza kwa vijiko na mandazi. Sikuwasikiliza. Nilikuwa namtazama Daktari, ambaye alikuwa ametoa simu na kuinuka kwenda dirishani, kwenye mtandao mzuri.

"Sopa, shemeji," akasalimu kwa Kimaasai. Akasikiliza. "Epa. Sikia, ile mambo ya Jumamosi, wacha. Kaa tu na ng'ombe." Akasikiliza tena. "Hapana, hakuna mtu amekufa. Kiti iko na mwenyewe." Hapo alinitupia jicho, na mimi nikajifanya napanga vijiko. "Ndiyo, huyo huyo. Hapana, bado. Hajabadilika ata kidogo. Tutazoea."

Akakata simu, akaketi, akakusanya karata zote hamsini na mbili kwa kiganja kimoja na kunisukumia.

"Gawa," akasema. "Lakini ukianza kuzipanga kwa ukubwa kwanza, nampigia tena."